.30-06 na .375 H&H: Umbali Ninaouamini Porini

Nimezitumia raifoli za risasi hizi mbili kwa miaka katika vitalu vya uwindaji kusini mwa Tanzania. Vijana wanaoanza kazi huuliza kwanza ipi inafika mbali. Mimi huwauliza: unamfuata mnyama gani?

Kwa kongoni au swala kwenye mbuga ya wazi, naichagua .30-06 bila kusita. Ilizaliwa mwaka 1906 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na hadi leo ni vigumu kupata risasi nyingine yenye usawa kama wake. Kichwa cha risasi, yaani kipande kinachoruka, cha greni 180 (gramu 11.7 hivi) hutoka mtutuni kwa takriban mita 820 kwa sekunde. Nikiilenga ipige sawasawa mita 200, ikifika mita 300 imeshuka sentimita 25 au zaidi, na upepo wa wastani wa ubavuni unaisukuma karibu sentimita 20. Hapo ndipo mnyama hujeruhiwa tumboni, kisha mnamfuatilia damu mpaka giza linaingia. Kwa hiyo mpaka wangu ni mita 250, tena nikiwa nimeegemeza bunduki kwenye mti au fimbo za kuegemezea.

.375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland, watengenezaji bunduki wa London, mwaka 1912, ni kazi nyingine kabisa. Hapa kwetu ndiyo kaliba (kipenyo cha risasi) ya chini kwa nyati, na inastahili. Kichwa chake cha greni 300 ni kizito mno, kinavunja bega na kuendelea ndani hadi moyoni. Lakini teke lake ni kali, na watu wengi hufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Nimeona wageni wenye shabaha nzuri kwa bunduki ndogo wakikosa kabisa kwa hii.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni hili: ukitumia kichwa chenye ncha ya mviringo, hewa hukipunguza kasi upesi. Mdomoni mwa mtutu .375 ina nguvu ya karibu mara moja na nusu ya .30-06, lakini kwenye mita 300 pengo hilo huwa limetoweka kwa sehemu kubwa. Si risasi ya mbali, na haikuundwa iwe hivyo. Kwenye miombo nyati huonekana mita 40, 60, mara chache 80, na hapo haina mpinzani.

Namba za kasi kwenye boksi la risasi huwa zimepimwa kwa mtutu mrefu, mara nyingi wa sentimita 61. Mtutu wako ukiwa mfupi, kasi itakuwa pungufu. Basi piga karatasi ya shabaha kwanza, kwa umbali ule ule utakaowindia na kwa aina ile ile ya risasi utakayobeba. Ukibadilisha uzito wa kichwa, rudi ukalenge upya kabla ya kuingia kitaluni.