Mawifi wawili kazini: nilivyoiona Miss & Mrs. Cops

Filamu za Kikorea za ngumi na vichekesho nazipenda, ila zina ugonjwa mmoja: kikosi kizima cha wanaume, halafu mwanamke mmoja. Hata Extreme Job ya 2019, iliyouza tiketi zaidi ya milioni 16 kwao Korea Kusini, ina wapelelezi watano na mwanamke ni Lee Hanee peke yake. Dada anapigana kweli na anachekesha kuliko nusu ya wenzake, lakini yuko peke yake. Ndiyo maana niliitafuta Miss & Mrs. Cops, iliyotoka Mei mwaka huohuo.

Mi-young (Ra Mi-ran) enzi zake alikuwa mpelelezi wa kikosi cha wanawake, mtu wa kukimbiza majambazi na kuwabwaga chini. Sasa ameolewa, mumewe anasomea mtihani wa sheria usioisha, na yeye kawekwa kaunta ya malalamiko kituoni, ambako hata kibarua chenyewe kiko mashakani. Ji-hye (Lee Sung-kyung), mdogo wa mumewe, ni mpelelezi mwenye pupa. Anaharibu kazi, anashushwa hapohapo kaunta kwa wifi yake. Hawa wawili hawapikiki chungu kimoja, na robo tatu ya vicheko inatokana na hilo. Mtu yeyote aliyewahi kuishi nyumba moja na wifi ataelewa bila kuelezwa.

Kisha anaingia msichana, anaacha simu mezani, anatoka mbio na kugongwa na gari. Kwenye simu wanakuta mambo mazito: kuna genge linalorekodi wasichana kwa siri, na video yake itarushwa mtandaoni ndani ya saa 48.

Sehemu iliyonikaa kichwani haina ngumi hata moja. Wanaipeleka kesi kitengo hiki, wanaambiwa si kazi yetu. Wanakwenda kile, kuna kesi kubwa zaidi. Kingine hakina watu. Hakuna anayewatukana, hakuna anayefukuza mtu, kila mmoja ana sababu yake nzuri tu, na saa zinakwenda. Pale nilielewa kwa nini filamu imemweka shujaa wake kaunta. Mwanamke aliyeondolewa kwenye upelelezi ndiye pekee anayekaa mahali ambapo waathirika wanafika. Baadaye Ji-hye anasema kinachomuumiza ni kuona wasichana wale wakijilaumu wenyewe, na kicheko chote kinakatika ghafla.

Kurekodi wanawake kwa siri halikuwa jambo la kubuni. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya wanawake waliandamana Seoul kupinga kamera za siri vyooni na vyumbani. Machi 2019, filamu ikiwa imeshapigwa picha, mwimbaji Jung Joon-young akakamatwa kwa kurekodi wanawake na kusambaza video kwa rafiki zake. Kwa hiyo ilipofika majumba ya sinema, watu walikuwa na hasira tayari.

Na vita ikahamia kwenye tiketi. Wanaume kadhaa mtandaoni waliiponda kabla hata haijaonyeshwa. Wanawake nao wakaanza kununua tiketi za maonyesho ambayo hawakuweza kwenda, wakaita "kutuma roho". Ikavuka watazamaji milioni 1.6. Si nyingi ukiiweka kando ya Extreme Job, lakini kwa filamu iliyochukiwa kabla ya kuzaliwa, si haba.

Ra Mi-ran ndiye sababu yangu kubwa ya kuipendekeza. Wengi tunamjua kama mama kwenye tamthilia ya Reply 1988, na kabla ya hapa alikuwa mtu wa kusindikiza wengine miaka mingi. Hapa ana zaidi ya miaka arobaini, umbo la mama wa kawaida, na kamera haimdhihaki kwa hilo wala haimvalishi nguo za kubana ili tumuone. Anapompiga mtu unaamini kwamba kampiga. Sooyoung wa kundi la muziki la Girls' Generation naye ni Jang-mi, mfanyakazi mwenzao wa kaunta, mtaalamu wa kompyuta mwenye mdomo mchafu, na kila akitokea anaiba onyesho.

Sasa lawama. Wanaume karibu wote ni wajinga, wavivu au wahalifu. Sijali kwamba mwanaume kachekwa, tumezoea kuona wanawake wakifanyiwa hivyo. Tatizo langu ni la usimulizi: askari mwenye akili na roho nzuri ambaye bado anaiweka kesi pembeni angenitisha kuliko hawa vikaragosi. Wi Ha-joon, yule polisi wa tamthilia ya Squid Game, ni jambazi mkuu hapa na hajapewa chochote cha kufanya zaidi ya kuwa katili. Kibaya zaidi, msichana aliyegongwa tunamjua kidogo mno. Filamu inapigania wanawake kama yeye halafu inamlaza hospitalini hadi mwisho. Mwongozaji, Jung Da-won, ni mwanaume, na hapo nadhani alihitaji mtu wa kumnong'oneza.

Kwangu ni saba kati ya kumi. Niliitazama kwa maandishi ya Kiingereza na matusi mengi yamepoozwa. Natamani DJ mmoja wa Kiswahili aichukue hii, hasa ile migombano ya mawifi. Watoto wasiwepo sebuleni, na kama mwenzako amewahi kupitia tishio la video, mwambie mapema inahusu nini.