Nilivyotumia Inkscape kutengeneza ikoni ya tanzanite inayowaka

Mteja ni mfanyabiashara wa vito hapa Arusha, ananunua tanzanite za Mererani, na alitaka ikoni ya programu yake ya simu. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Bwana mdogo, mtu akiiona ajue hili ni jiwe la kwetu, siyo kipande cha chupa." Kazi yote niliifanyia kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchorea iliyopo tangu 2003. Hulipii kwa mwezi wala kwa mwaka.

Tanzanite ni ngumu kuchora kwa sababu haina rangi moja. Ukiigeuza unaona bluu, ukiigeuza tena unaona zambarau. Mchana bluu inatawala, na chini ya balbu ya njano zambarau ndiyo inazidi. Mzee huyo, mteja wangu, aliniwekea moja juu ya karatasi nyeupe pale mlangoni kwake, nikainama kuitazama. Mwanga ulikuwa unatoka kushoto, lakini sehemu iliyowaka zaidi ilikuwa ndani ya jiwe, upande wa kulia chini. Mwanga unaingia, unagonga nyuso za chini, unarudi. Ukipaka mng'ao upande wa taa tu, ndiyo unapata hicho kipande cha chupa.

Kwa Inkscape hilo halikunipa shida. Kila uso wa jiwe ni umbo lake, na gradienti, yaani rangi inayogeuka taratibu kuwa nyingine, unaivuta moja kwa moja juu ya umbo: kishikio kimoja bluu ya wino, kingine zambarau, unasogeza huku unaona matokeo. Kwa mwako wa ndani nilichora umbo la zambarau hafifu, nikabonyeza Shift+Ctrl+F kufungua dirisha la Fill and Stroke, nikalitia ukungu kwa kitelezi cha Blur, kisha nikachagua mchanganyiko wa Screen, ambao huangaza rangi zilizo chini yake na kamwe hauzitii giza. Jiwe likawaka. Juu kushoto nikaweka kidoa kimoja cheupe, chenye kingo kali, bila ukungu. Ukiona ikoni nyingi za mjini hapa, ukungu umemwagwa kila mahali kama pilipili ya muuza mihogo, na macho hayajui yatue wapi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni Icon Preview, iliyomo kwenye menyu ya View. Inakuonyesha ikoni yako kwa saizi ndogo kabisa hadi kubwa huku ukiendelea kuchora. Kwenye pikseli 16 nyuso nyembamba za jiwe zilikuwa tope tupu, nikazifuta, nikaongeza tofauti ya giza na mwanga kwa zile kubwa. Mzee hakugundua kama kuna kilichopungua.

Upande wa pili, ukungu ukiwa mwingi programu inafanya hesabu upya kila ukikuza mchoro, na laptopu yenye RAM ya GB 4 utaisikia feni yake. Dawa ni kuzima filta, ndizo zinazoleta ukungu huo, kwenye Display Mode ya menyu ya View ukiwa unachora. Gradienti ya wavu, ile ya mesh, yenye rangi nyingi zilizopangwa kama wavu, ni tamu kwa mawe, ila brauza hazijaizoea, kwa hiyo toa PNG, yaani picha ya pikseli. Play Store yenyewe inataka PNG ya pikseli 512 kwa 512, na usihangaike kukata kona wala kuweka kivuli cha nje, Google wanaweka wenyewe.

Sasa mzee anataka jiwe hilohilo kwenye vifungashio. Hapo kuna shughuli nyingine, maana zambarau ya skrini ikichapwa kwa wino wa kawaida inafubaa, na Inkscape kimsingi inafanya kazi kwa rangi za skrini. Nimemwambia tuchape karatasi moja ya majaribio kwanza, alinganishe na jiwe mkononi, ndipo alipie oda nzima.