Mpira wa mkojo baada ya oparesheni, safari hii afadhali

Mara ya kwanza nilivyopasuliwa niliamka nahisi mkojo umenibana balaa, nikawa nauvuta mpira mpaka nesi akanishika mikono, kumbe kibofu kitupu, ni ule mpira tu unakichokoza kinajikaza. Safari hii mawe ya figo, hospitali nyingine, nikamwambia dokta wa usingizi mapema, akanipa kidonge cha tolterodine lisaa limoja kabla ya kuingia theta, kinalegeza misuli ya kibofu. Aisee nimeamka najua kuna kitu huko chini ila ile kubanwa ya kichaa hakuna. Ubaya mdomo ulikauka kama nimelamba majivu, na usipouliza mwenyewe hawakuambii kuhusu hicho kidonge. Nyota nne, moja nimekata kwa ule uji wao wa baridi.