Parokia ndogo pembeni mwa mji: mkutano au baraza?

Tuchukue parokia ya kiraia huko Uingereza, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa na si parokia ya kanisa, yenye wapigakura mia tatu hivi, imepakana na mji unaozidi kusogeza nyumba mashambani. Tangu sheria ya 1894 ilipotoa shughuli za kiserikali vijijini mikononi mwa kanisa, parokia hujiendesha kwa moja ya njia mbili: mkutano au baraza.

Mkutano wa parokia hauna madiwani. Kila mpigakura anaruhusiwa kusema na kupiga kura, na mwenyekiti huchaguliwa kila mwaka. Hukutana angalau mara mbili kwa mwaka, na ni marufuku kuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hapo aliyeshinda kazini naye anawahi. Kwa usawa, sijaona utaratibu unaoushinda huu.

Baraza lina madiwani wasiopungua 5, na kwa kawaida karani anayelipwa. Linaweza kumiliki viwanja vya michezo, makaburi, mashamba madogo ya kukodisha. Gharama zake huongezwa kwenye kodi ya nyumba.

Ila suala zito ni ujenzi. Kibali hutolewa na halmashauri ya juu, lakini tangu sheria ya 2011 baraza linaweza kuandaa mpango wa ujirani, yaani waraka unaoeleza nini kijengwe na wapi katika eneo lake. Ukipita kwenye kura ya maoni, lazima uzingatiwe katika kuamua maombi. Pale wajenzi wanapotozwa ada ya miundombinu, baraza hupata 15%, au 25% likiwa na mpango huo. Kwa parokia inayosogelewa na mji, mimi nachagua baraza.