Fallout 76 baada ya miaka saba: nyumba imepata wenyewe, ghala bado dogo

Ndugu watazamaji, karibuni. Huyu mnayemwona kwenye skrini, aliyevaa ovaroli ya buluu yenye namba 76 mgongoni, ni mhusika niliyemuumba upya kwa ajili ya uchambuzi huu, kwa sababu swali mnaloniuliza haliwezi kujibiwa na mhusika wa zamani ambaye silaha zake zote zimekwisha kukamilika. Mnataka kujua kama Fallout 76 ya leo ni mchezo wa video bora kuliko ule uliozinduliwa tarehe 14 Novemba 2018. Jibu langu ni ndiyo, tena kwa mbali sana, isipokuwa kuna kero moja ambayo miaka yote hii haijaiondoa, nayo nitaieleza kwa urefu kwa kuwa inagusa mfuko wako.

Mchezo unatupeleka Appalachia, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, mwaka 2102, miaka 25 baada ya vita vya nyuklia. Wewe ni mmoja wa watu waliohifadhiwa katika handaki namba 76, na siku mlango unapofunguliwa mnatoka kwenda kuijenga nchi upya. Mwaka 2018 kampuni ya Bethesda, iliyoutengeneza mchezo huu, iliamua kwamba kila binadamu hai utakayemkuta huko nje awe mchezaji mwenzako aliyeunganishwa kwa intaneti, na seva moja, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, ilichukua wachezaji wasiozidi 24. Wengine wote walikuwa wamekufa. Uliagizwa kumtafuta mtu, ukatembea robo saa ukipigana na mazimwi njiani, ukamkuta ni maiti, ukaichukua kanda yake ya sauti, nayo ikakutuma kwa maiti mwingine.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi yenu msilikubali: upweke ule ulikuwa na ladha yake. Nendeni katika mji mdogo wa Flatwoods mkasome barua na kusikiliza kanda za Responders, yaani wazima moto, askari polisi na wahudumu wa afya waliobaki kuwasaidia raia baada ya serikali kuanguka, kisha mfuatilie jinsi wahalifu walivyolipua bwawa la Summersville na kuuzamisha mji wa Charleston siku ya Krismasi. Simulizi hiyo imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Kasoro ni kwamba huwezi kumjibu maiti, wala kumsaliti, wala kumwokoa, na mchezo wa kuigiza uhusika usiokupa uamuzi wowote unakufanya mtalii katika makaburi ya watu.

Hitilafu za kiufundi za siku zile zilikuwa nyingi, na kashfa nazo hazikukosekana. Wanunuzi wa toleo maalumu la dola 200 waliahidiwa begi la turubai, wakapelekewa la nailoni. Hayo yamekwisha kusemwa vya kutosha.

Mabadiliko ya kweli yalikuja tarehe 14 Aprili 2020 kwa toleo la Wastelanders. Leo ukitoka handakini, hatua chache tu mbele yako wamesimama wanawake wawili, Lacey na Isela, wakikuuliza habari za hazina waliyoisikia, na kuanzia hapo unachagua maneno ya kujibu, unachagua kusimama na walowezi au na wavamizi, na wapo watakaokumbuka ulilolitenda. Mwezi Septemba mwaka huohuo lilikuja badiliko lisiloonekana kwa macho lakini ambalo mimi nalihesabu kuwa la pili kwa uzito: adui alianza kulinganishwa na kiwango cha kila mchezaji, hata mtu wa kiwango cha 10 na rafiki yake wa kiwango cha 200 wakaweza kumshambulia adui mmoja pamoja, bila mmoja kuuawa kwa pigo la kwanza na mwingine kupiga miayo.

Safari za kwenda Pittsburgh, zilizoongezwa mwaka 2022, sikuzipenda, kwa kuwa unarudia kazi zilezile katika vichochoro vilevile. Skyline Valley ya mwaka 2024 ni habari nyingine, kwani iliipanua ramani yenyewe hadi Shenandoah, na mwaka 2025 wachezaji wakapewa uwezo wa kugeuka ghuli, yaani binadamu aliyebabuliwa na mionzi asife, na baadaye hata wa kuvua samaki. Naona uvuvi umewatuliza watu wengi kuliko nilivyotarajia.

Wachezaji wenyewe pia wamekuwa wapole. Angalieni kipande hiki: nikiwa kiwango cha 5, bwana mmoja aliyevaa deraya nzito alinisogelea, akanipungia mkono, akaniachia mfuko wenye dawa, maji safi na bunduki, akaondoka. Sijawahi kumwona tena.

Sasa kero yenyewe, nayo ni uzito. Kutengeneza silaha, kukarabati deraya na kujenga kambi kunahitaji vipuri, na kila kipuri kina uzito wake. Sanduku lako la kuhifadhia lilianza na kikomo cha 400, likapandishwa kidogokidogo mpaka 1,200, na bado linajaa upesi kwa mtu anayecheza kila jioni. Tangu Oktoba 2019 kuna malipo ya mwezi yaitwayo Fallout 1st, yaliyoanza kwa dola 12.99, na anayelipa hupata kisanduku cha vipuri kisicho na kikomo pamoja na seva yake binafsi. Mtu akikutengenezea shida, kisha akakuuzia dawa yake, huwezi kuiita shida hiyo bahati mbaya. Ninaamini kikomo hicho kimeachwa kilivyo kwa makusudi, na ndiyo maana matoleo yote niliyoyasifu hayakuligusa jambo hili kwa kina.

Kwa mtazamaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa niongeze kwamba mchezo huu hauchezeki bila intaneti, hata ukiwa peke yako, na hauwezi kusimamishwa katikati ya pambano. Umeme ukikatika, tukio ulilolipigania dakika 20 linamalizwa na wengine.

Ukiamua kuununua, usilipie Fallout 1st mwezi wa kwanza, bali jizoeze kuuza silaha usizozihitaji kwa vizibo vya chupa, ambavyo ndivyo fedha ya huko. Mchezo ukikupa nafasi ya kuanzia kiwango cha 20, ikatae. Waombe radhi Lacey na Isela, wapite, uteremke mpaka kwenye kambi ya Msimamizi wa handaki iliyo chini ya kilima. Kanda yake ya sauti iko hapo. Isikilize kwanza.