Kmemleak na KCSAN: uzoefu wangu kusaka memori iliyokuwa inavuja kwenye mashine ya intaneti, Sinza

Kmemleak ni chombo cha kusaka memori inayovuja, yaani iliyoombwa na haikurudishwa. Itakuonyesha kipande kilichopotea ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) na fanksheni, yaani sehemu ya msimbo, iliyokiomba. Kimepoteaje, hapo usiiulize, haijui. Ndiyo maana sitaisifia peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hosteli moja ya wanafunzi, Sinza. Kati ya waya wa mtoa huduma na wifi ya vyumbani tumeweka kompyuta ndogo ya Linux inayohesabu matumizi ya kila mteja. Kadi yake ya mtandao tuliichukua Kariakoo, na draiva yake (programu inayoiendesha) haimo kwenye kerneli ya kawaida: mtengenezaji anatoa msimbo, unakompaili mwenyewe, yaani unaugeuza kuwa programu. Asubuhi mashine haina shida. Jioni wanafunzi wakisharudi memori inaanza kuliwa, na usiku kerneli inaanza kuua michakato (programu zinazoendeshwa) ili ijiokoe. Mlinzi wa zamu ananipigia: "Fundi, mtandao umekata tena, hawa vijana wamejaa hapa getini."

Programu za kawaida hazikuwa na kosa. Kwenye /proc/meminfo, faili la hesabu za memori, mstari wa SUnreclaim (memori ya kerneli isiyoweza kunyang'anywa) ulikuwa unapanda tu, na slabtop, programu inayoorodhesha vipande vya memori ya kerneli, ikaonyesha vya kmalloc-256 (baiti 256 kila kimoja) vinaongezeka wala havipungui. Kerneli yenyewe ndiyo iliyokuwa inakula.

Kmemleak imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009, kwa hiyo hulipi kitu. Gharama iko kwingine: kerneli nyingi zinakuja bila kuiwasha, inabidi ukompaili yako. Kwa laptop yangu, joto la Dar na umeme wa kukatikakatika, hiyo si kazi ya kukaa unaitazama. Ikishawaka, inaandika kila kipande kinachoombwa, halafu kila baada ya dakika 10 inapekua memori kuona kama kuna kielekezi (anwani iliyohifadhiwa mahali) chochote bado kinakitaja. Kisichotajwa popote kinaingia kwenye ripoti: anwani, ukubwa, jina la mchakato, baiti 32 za mwanzo na mlolongo wa fanksheni. Ukishindwa kusubiri, unaandika neno scan kwenye /sys/kernel/debug/kmemleak na inapekua hapo hapo.

Ripoti yangu ilinyoosha kidole kwa draiva, kwenye fanksheni inayofungua rekodi ya mteja mpya. Nikaisoma weee, mstari kwa mstari. Inaangalia kama nafasi ya mteja iko tupu. Kama ni tupu inaomba memori, inajaza, inaweka kielekezi. Mteja akiondoka, rekodi inaachiliwa vizuri kabisa. Ukiisoma hivyo, haivuji popote.

KCSAN, chombo kingine cha kerneli, ndiyo iliyofumbua fumbo. Hii iliingia kwenye kerneli toleo la 5.8, mwaka 2020, na kazi yake ni kukamata prosesa mbili zinazogusa data moja kwa wakati mmoja bila mpangilio. Inafanya kwa kuvizia: inachagua sehemu chache tu za kugusa memori, inaweka mtego, inachelewesha kidogo (kwa kawaida maikrosekunde 80, au 20 ikiwa ndani ya intarapti, yaani kazi ya dharura inayomkatiza prosesa) na kuangalia nani atapita. Kwa hiyo inataka subira na inataka msongamano. Mezani na simu moja haikusema kitu. Nikaipeleka jioni palepale hosteli, wanafunzi wakiunganisha simu kwa wakati mmoja, ikatoa ripoti yenye fanksheni ileile pande zote mbili: moja inasoma nafasi, nyingine inaiandikia.

Hapo yote yakaeleweka. Simu ikiingia tu kwenye wifi inafungua miunganisho kadhaa kwa mpigo, na kadi inaigawa kwa foleni tofauti, kila foleni na prosesa yake. Prosesa mbili zinakuta nafasi tupu, zote zinaomba memori, na ya pili inafuta kielekezi cha ya kwanza. Rekodi ya kwanza haina tena anayeijua, kwa hiyo hakuna wa kuiachilia.

Marekebisho ni mafupi kuliko maelezo. Badala ya kuweka kielekezi moja kwa moja, tunatumia cmpxchg, amri inayokagua na kuweka kwa mpigo mmoja: weka ikiwa nafasi bado ni tupu. Aliyekuta imeshajazwa anaachilia yake kwa kfree na kutumia ya mwenzake. SUnreclaim sasa inapanda jioni na kushuka usiku, inavyotakiwa.

Lawama zangu. Kmemleak inapunguza kasi mno, usiwawekee wateja wanaolipa. Memori ikiisha inajizima yenyewe, na ukiizima kwa kuandika off hairudi mpaka uwashe mashine upya. Pia haioni uvujaji wa aina nyingine: kipande ambacho kimebaki kwenye orodha kwa sababu hesabu ya wanaokitumia imekosewa. Bado kinatajwa, kwa hiyo inakiona kizima. Naipa nyota tatu. KCSAN nne, ya tano naibana kwa sababu inataka kompaila ya GCC 11 au Clang 11 kwenda juu, na ripoti zake za mwanzo zimejaa mambo yasiyokuhusu.

Kiraka (marekebisho hayo) nimewatumia waliotengeneza draiva. Kimya. Kwa hiyo kila tukisasisha kerneli pale Sinza tunakibandika wenyewe.