SAG-AFTRA: kujiunga sasa au kusubiri kwanza?

Mwigizaji wa Marekani aliyeanza kupata kazi hukumbana na swali hili mapema. SAG-AFTRA, chama cha wafanyakazi cha waigizaji wa filamu na televisheni kilichozaliwa mwaka 2012 vyama viwili vilipoungana, hutaka ada ya kiingilio ya takriban dola 3,000, kisha ada za kila mwaka. Si pesa ndogo kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba Los Angeles kwa kazi ya mgahawa.

Ukijiunga, una kima cha chini cha malipo, saa za kazi zenye mpaka, michango ya pensheni na malipo kila kipindi kinaporudiwa. Hayo ya marudio ndiyo huwaokoa wengi miezi ya ukame. Bima ya afya ipo pia, ila mpaka mapato yako chini ya mikataba ya chama yapite kiwango fulani kwa mwaka, na wengi hawakifikii.

Ukibaki nje, unapiga filamu za wanafunzi, matangazo madogo, chochote kinachojaza video yako ya kujinadi. Mwanachama haruhusiwi kugusa kazi isiyo na mkataba wa chama, na hapo ndipo wenye haraka hujifungia mlango: wana kadi ya uanachama, hawana uzoefu wa kushindana na wakongwe.

Jimbo la Georgia, lenye jiji la Atlanta, ni habari nyingine. Sheria ya jimbo haikulazimishi kujiunga ili ufanye kazi za chama. Anayeanzia Atlanta, kwa maoni yangu, asubiri. Aliyekwisha kupata mfululizo nafasi za kuigiza zenye maneno ya kusema, alipe.